Bibi Aliyelea Ana Haki Gani?

Tuanze na mama mjane, kwa sababu akishindwa katika mjadala huu yeye ndiye atakayepoteza kikubwa. "Mama," anamwambia mama mkwe wake, "nakuheshimu, na sijawahi kukuvunjia adabu. Lakini mwanao ametangulia mbele ya haki, na watoto aliowaacha nimewazaa mimi. Nikisema Jumamosi hii hawaji kwako, hawaji. Sioni kwa nini niende kumweleza hakimu." Mama mkwe naye ana lake: "Mwanangu, hakuna anayekukataza kuwa mama. Ila huyu mkubwa nimemlea miaka minne, wewe na mume wako mkiwa mjini mnatafuta maisha. Kliniki nilimpeleka mimi, darasa la kwanza nilimwandikisha mimi. Leo nisimwone, kana kwamba nilikuwa yaya na mkataba umekwisha?"

Hawa wawili si watu fulani. Ni hoja mbili ambazo kila afisa ustawi wa jamii amezisikia zikigongana mezani pake, na nimeziweka mbele pamoja na nyingine zitakazokuja kwa sababu kila moja ina ukweli ndani yake. Mwandishi wa mjadala hana ruhusa ya kujificha nyuma ya sauti za wengine, basi niseme nilipo: nasimama upande wa bibi, lakini kwa sharti. Damu peke yake isimpe mtu amri ya mahakama juu ya mtoto wa mwenzake. Kinachompa bibi au babu nafasi ya kusikilizwa ni malezi aliyokwisha kuyatoa, na hata hapo haki yenyewe si mali yake. Ni haki ya mtoto kutonyang'anywa mtu aliyemzoea kwa sababu ya ugomvi ambao yeye hakuuanzisha.

Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 imeelekea huko, ingawa imeishia njiani. Kifungu cha 37 kinamruhusu mzazi, mlezi au ndugu anayemtunza mtoto kuiomba mahakama impe haki ya kukaa naye. Kifungu cha 38 kinamruhusu mzazi, mlezi au ndugu ambaye amekuwa akimtunza mtoto kuomba awe anamwona kwa vipindi. Tazama mlango ulivyojengwa: hauulizi tu wewe ni nani kwa mtoto, unauliza pia umemfanyia nini. Shangazi aliyelea anaingia. Bibi anayemwona mjukuu sikukuu hadi sikukuu anabaki nje. Kisha kifungu cha 39 kinampa hakimu mambo ya kupima, yakiwemo umri na jinsia ya mtoto, maoni yake kama ameyatoa bila kushurutishwa, umuhimu wa ndugu kutotenganishwa, na haja ya malezi yasiyokatikakatika. Humo humo imeandikwa kwamba ni afadhali mtoto akae na wazazi wake, isipokuwa kama haki zake zinavunjwa nao mara kwa mara. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, iliyotangulia kwa karibu miaka 40, ilikuwa na msimamo unaofanana. Kifungu chake cha 125 kinaruhusu mtoto akabidhiwe ndugu mwingine pale tu panapokuwa na mazingira ya kipekee yanayofanya isifae kumkabidhi mzazi yeyote kati ya wawili, na kifungu kinachofuata kinaruhusu jamaa wa mzazi aliyefariki au aliyenyimwa malezi wapewe nafasi ya kumwona mtoto.

"Basi mjadala umekwisha," anasema wakili, akifunga jalada lake. "Sheria ipo. Bibi aende Mahakama ya Watoto, ajaze maombi, asikilizwe." Laiti ingekuwa hivyo. Sheria inamtambua ndugu mlezi, lakini malezi ya bibi wa Kiafrika kwa kawaida hayaachi karatasi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waliripotiwa mkoani Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata vijiji vya mkoa huo vikajaa nyumba ambazo kizazi cha kati kilikuwa kimeondoka: juu wazee, chini watoto, katikati makaburi kwenye migomba. Hakuna hakimu aliyewakabidhi bibi hao wajukuu zao. Walibaki nao tu baada ya matanga, jamaa wengine walipopanda basi kurudi walikotoka. Huko Nshamba, wilayani Muleba, mradi wa Kwa Wazee ulioanza mwaka 2003 ulikuwa unawapa wazee pensheni ndogo ya kila mwezi, wengi wao wakiwa bibi wanaolea yatima, na tathmini ya mradi huo ilipotolewa mwaka 2008 ilibeba jina la vitu ambavyo fedha hizo zilinunua: chumvi, sabuni na viatu vya shule. Huo ndio ushahidi wa malezi ulivyo. Ni vitu vinavyolika, vinavyoyeyuka na vinavyochakaa.

Siku hizi sababu zimebadilika, mpangilio wa nyumba umebaki uleule. Binti anakwenda Oman au Saudia kufanya kazi za ndani, anamwacha mtoto wa mwaka mmoja na nusu kwa mama yake Tanga au Kilifi. Kijana anakwenda machimboni. Wazazi wawili wanaoishi chumba kimoja Dar es Salaam wanampeleka mtoto kijijini "kwa muda", na muda huo unakuja kuisha mtoto akiwa darasa la nne. Ukimwambia bibi huyu athibitishe mbele ya mahakama kwamba amekuwa akimtunza mtoto, atafungua mfuko wa plastiki uliokunjwa mara tatu. Ndani yake mna kadi ya kliniki yenye jina la mama mzazi, cheti cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi wote wawili, na pengine fomu ya shule ambayo kwenye nafasi ya mlezi pana alama ya dole gumba iliyochovywa wino. Kati ya karatasi zote hizo, dole gumba hilo ndilo peke yake linalomtaja yeye. Ripoti za miamala ya simu zitaonyesha kwamba fedha zilitoka Muscat. Hazitaonyesha nani aliamka usiku mtoto aliposhikwa na degedege.

Ndiyo maana swali la mjadala huu lina sura mbili. Liko la sheria, nalo nimekwisha kulijibu: bibi aliyelea asikilizwe. Liko pia la ushahidi, na hapo nadhani kazi inapaswa kuhamia kwa afisa ustawi. Huyo ndiye anayeandaa ripoti ya uchunguzi wa kijamii kwa ajili ya mahakama, na ripoti nzuri haiandikwi ofisini. Anatakiwa aende nyumbani, amwulize mwalimu wa darasa ni nani huja kikao cha wazazi, amwulize mhudumu wa zahanati ni nani huleta mtoto, amwulize jirani. Malezi hayana risiti, lakini yana mashahidi mtaa mzima.

Wakili haridhiki, anavuka bahari. "Marekani jambo hili lilifika Mahakama ya Juu kabisa," anasema, "na bibi na babu wakashindwa." Ni kweli, na kesi hiyo inastahili kusomwa taratibu kuliko inavyosomwa kwa kawaida. Katika jimbo la Washington, Brad Troxel alifariki mwaka 1993 akiacha mabinti wawili aliozaa na Tommie Granville bila ndoa. Wazazi wake, Jenifer na Gary Troxel, waliendelea kuwaona wajukuu wao, mpaka mama alipowaambia miezi michache baadaye kwamba anataka wapunguze, iwe mara moja kwa mwezi na kwa muda mfupi. Wazee wakaenda mahakamani wakitaka watoto walale kwao wikiendi mbili za kila mwezi, na wiki mbili za kiangazi. Hakimu wa kwanza akatafuta katikati: wikiendi moja kwa mwezi, wiki moja ya kiangazi, na saa 4 katika siku ya kuzaliwa ya kila mmoja wa wazee hao. Juni 2000 Mahakama ya Juu iliikataa amri hiyo kwa majaji 6 dhidi ya 3, ingawa hao 6 hawakuwa na sababu moja. Jaji Sandra Day O'Connor, akiandika kwa niaba yake na wenzake watatu, alisema sheria ya Washington ilikuwa pana mno, maana ilimruhusu mtu yeyote, wakati wowote, kuomba kumwona mtoto wa mtu, na kwamba hakimu wa kwanza hakuupa uzito wowote wa pekee uamuzi wa mama ambaye hakuna aliyedai kwamba hafai.

Sasa tujiulize ni kipi hasa kilichoshindwa pale. Haikushindwa haki ya mtoto kumwona bibi yake, kwa sababu Tommie Granville hakuwa amefunga mlango. Alitaka kupunguza tu. Wala majaji hao wanne hawakusema kwamba kila sheria ya namna hiyo ni batili, kwani majimbo yote ya Marekani yalikuwa na sheria za kuwapa bibi na babu nafasi hiyo, na mengi yamebaki nazo kwa kuzibana. Kilichoshindwa ni sheria iliyomfungulia kila anayebisha hodi, na hakimu aliyejiweka mahali pa mzazi. Mimi hizo saa 4 za siku ya kuzaliwa ya babu ndizo zinazonisemesha. Katika amri nzima hakuna kipande kinachoonyesha wazi zaidi kwamba haki iliyokuwa inagawanywa ilikuwa ya wazee, siyo ya watoto. Mtoto wa miaka minane hana haja ya amri ya mahakama inayomtaka akale keki ya babu. Kwa hiyo nakubaliana na Jaji O'Connor kuliko wakili anavyodhani: neno la mzazi anayefaa lianze na uzito, na anayelipinga ndiye abebe mzigo wa kuthibitisha. Ninachokataa ni kuufanya uzito huo kuwa kufuli. Mama mjane akisema "mara moja kwa mwezi", mahakama ikae mbali. Akisema "kamwe", kwa mtu aliyemlea mtoto miaka minne, hapo ana deni la kutoa sababu.

Mzee wa ukoo amekuwa akikohoa muda mrefu, apewe nafasi. "Nyinyi mnazungumzia Wamarekani," anasema. "Kwetu mtoto hana mwenyewe mmoja. Mambo haya ni ya ukoo. Tuketi, tuzungumze, tuyamalize nyumbani, mkwe aombwe radhi, watoto waje. Mkishapelekana kwa hakimu, mmekwisha kuuana." Katika hili la mwisho ana haki. Shauri la mtoto likishatajwa mahakamani, maneno yaliyoandikwa kwenye viapo hayarudi tumboni, na mtoto atayakuta siku moja. Naamini vikao vya ukoo vimeokoa watoto wengi kuliko mahakama zote za nchi hii. Lakini nimwulize mzee: ukoo upi? Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963, lililoandikwa kwa ajili ya jamii zinazofuata ukoo wa baba, linamhesabu mtoto wa ndoa kuwa wa upande wa baba. Kwa Waluguru na Wamakonde, mila ya asili inamhesabu upande wa mama, na neno la mjomba lilikuwa na uzito kuliko la baba mzazi. Mtoto wa baba Mchagga na mama Mluguru, mzaliwa wa Morogoro mjini, ana koo mbili zenye mila mbili, na kila kikao kitamrudisha kwa waliokiitisha.

Na kikao kina udhaifu mwingine ambao wazee hawapendi kuutaja: huamuliwa na waliofika. Bibi mzaa mama aliyemlea mtoto wa binti yake asiyeolewa tangu kitovu hakijakauka anaweza kujikuta peke yake kwenye mkeka, mbele yake wanaume saba wa upande wa baba aliyejitokeza mtoto akiwa na miaka tisa, wamekuja kukomboa "damu yao". Atapewa kitenge na shukrani, na mtoto ataondoka. Sheria ya Ndoa inamtaka hakimu azitazame mila za jamii husika, lakini baada ya kutanguliza ustawi wa mtoto, na pamoja na matakwa ya wazazi na ya mtoto mwenyewe. Mpangilio huo ni sahihi. Kikao kitangulie, afisa ustawi au mtendaji akiwepo, na mkifikia mwafaka uandikwe na usajiliwe ili usitegemee kumbukumbu ya mtu. Ila mahakama iwepo nyuma yake, maana bila hiyo anayepatanishwa ni mnyonge tu.

Mama mjane anarudi, na safari hii sauti yake imebadilika. "Tuseme ukweli," anasema. "Hawamtaki mtoto, wanataka nyumba. Mume wangu hajatimiza arobaini, shemeji wameshaulizia hati ya kiwanja. Sasa wanasema wanataka kumlea mjukuu. Mjukuu huyo ndiye mrithi." Katika hoja zote zinazotolewa dhidi ya bibi na babu, hii ndiyo ninayoiogopa, kwa sababu mara nyingi ni kweli. Mtoto wa marehemu hubeba fungu la urithi, mafao ya mfuko wa hifadhi ya jamii, na pengine kodi ya vyumba vitatu vya uani. Aliye na mtoto ndiye anayesema "fedha hizi ni za matumizi ya mtoto." Msimamizi wa mirathi akiwa baba mdogo, na mtoto akiwa kwa mama wa huyo baba mdogo, mjane atakuwa ametengwa na mali ya nyumba yake bila mtu kumwambia "toka". Atakayeniambia kwamba bibi wote wanaokwenda mahakamani wanasukumwa na mapenzi tu, namshauri akakae asubuhi moja kwenye benchi la Mahakama ya Mwanzo siku ya mashauri ya mirathi.

Hata hivyo dawa ya hatari hii ni kutenganisha mambo mawili yanayofungwa pamoja kila siku, yaani mtoto na mali yake. Ombi la kumwona mtoto lisiguse hata shilingi moja. Anayetaka kuonana na mjukuu Jumapili ya mwisho wa mwezi hahitaji kujua kodi inakwenda wapi. Ombi la kukaa na mtoto moja kwa moja ni jambo jingine kabisa, na mwombaji alazimike kueleza kwenye kiapo chake kama yeye au mwanawe ni msimamizi wa mirathi, au ana shauri lolote juu ya mali ya marehemu. Kama jibu ni ndiyo, fungu la mtoto liwekwe chini ya mkono usio wa pande zote mbili. Kabidhi Wasii Mkuu yupo, na kazi ya kusimamia mali za namna hiyo si ngeni kwake. Nina hakika asilimia fulani ya waombaji watapoteza hamu siku hiyo hiyo. Watakaobaki ndio tunaozungumza habari zao. Na mjane naye asisahau kwamba kisu hiki kina makali pande zote: wako wazazi wanaomficha mtoto asionwe na bibi yake kwa sababu bibi anajua kilichoachwa ni kiasi gani.

Kuna sauti moja isiyopaswa kupita haraka. "Mimi si mjane," anasema mwanamke wa tatu. "Mume wangu yu hai. Nilimkimbia usiku nikiwa na watoto, nina fomu mbili za polisi za PF3 na jalada katika Dawati la Jinsia na Watoto. Mama yake anaomba kuwaona wajukuu. Mimi najua kwamba mlango wa bibi ni mlango wa nyuma wa mwanawe." Hapa sina la kujadili. Malezi ya nyuma hayawezi kununua hatari ya leo, hata kama bibi mwenyewe hana kosa. Palipo na ushahidi wa aina hiyo, bibi akitaka kuonana na wajukuu aonane nao ofisi ya ustawi, mchana, mtumishi akiwepo, au asionane nao kabisa mpaka hali itengemae. Wapo watakaosema hiyo ni kumwadhibu mama kwa dhambi ya mtoto wake. Ndivyo ilivyo, na bado ni afadhali. Wanaotetea haki za bibi na babu hupenda kumchora bibi mmoja tu, yule mwenye hadithi na uji wa asubuhi. Wako pia waliolea watoto kwa mateke, na baadhi yao ndio waliomlea huyo mume.

Tukishuka pwani, sheikh anatukumbusha kwamba swali tunaloliona jipya limekwisha kujibiwa zamani. Katika fiqhi ya madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi kuanzia Lamu hadi Kilwa, malezi ya mtoto mdogo, yaani hadhana, ni ya mama. Mama akifariki au akikosa sifa, anayefuata ni mama yake mzazi, kabla ya baba. Mtoto akifikia umri wa kupambanua mambo, ambao kwa kawaida hukadiriwa kuwa miaka 7, huulizwa anataka kukaa na nani kati ya wazazi wake. Kuna mawili ya kujifunza hapo kwa asiye Mwislamu pia. Kwanza, bibi mzaa mama hakuwekwa kwenye foleni kwa huruma. Aliwekwa kwa sababu anadhaniwa kuwa ndiye mwenye mkono wa kulea unaofanana na wa mama. Pili, mtoto ana sauti. Mama akiolewa na mtu asiye ndugu wa mtoto, kanuni hiyo humwondolea haki ya hadhana, na hapo ndipo wengi wetu leo tunasita, kwa kuwa ndoa mpya ya mama si kosa wala si ushahidi wa uzembe. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 katika ibara ya 53 imeweka maslahi ya mtoto juu ya yote, na imewapa baba na mama wajibu sawa wawe wameoana au la. Kanuni yoyote ya zamani inayoingia mahakamani inapita kwanza kwenye chekeche hilo.

Umri wa bibi nitauzungumza kwa ufupi, ingawa ndio unaotajwa kwanza. Ndiyo, bibi wa miaka 74 akipewa mtoto wa miaka 2, hesabu ni ngumu, na hakimu anayeuliza nani atamsaidia hamdharau. Lakini hoja hiyo inahusu kukaa na mtoto. Haihusu kumwona. Umaskini vivyo hivyo: nyumba ya udongo si sababu ya kumnyima mtoto mchana mmoja na mtu aliyemfundisha kutembea.

"Na mtoto mwenyewe?" anauliza mwalimu, ambaye hakuwa ameombwa kusema. "Mnamgawana kama kiwanja, hakuna aliyemwuliza." Sheria ya Mtoto ya Tanzania inataka maoni yake yasikilizwe, ila inaweka sharti kwamba yawe yake kweli, na sharti hilo lina maana. Mtoto wa miaka 6 aliyelala kwa bibi juzi atasema anampenda bibi. Aliyelala kwa mama atasema la mama. Mimi nisingemwuliza anampenda nani. Ningemwuliza akiumwa tumbo usiku anamwita nani, nani anajua jina la rafiki yake wa shuleni, nani alimpeleka kunyolewa mara ya mwisho. Ufaransa wameliweka jambo hili mahali pake: kifungu cha 371-4 cha sheria yao ya kiraia kinasema mtoto ndiye mwenye haki ya kuwa na uhusiano na wazazi wa wazazi wake, na kwamba ni maslahi ya mtoto peke yake yanayoweza kuizuia haki hiyo. Hata hivyo Wafaransa wamekwenda mbali kuliko ninavyotaka, kwa kuwa kwao bibi asiyelea naye anaingia kwa mlango uleule.

Huyo bibi asiyelea ndiye aliyebaki barazani, na ametusikiliza muda wote. "Nami?" anauliza. "Sikumlea kwa sababu sikupewa. Mwanangu alioa mbali, wakaishi mbali, nilimwona mjukuu mara mbili. Sasa mwanangu amekufa, na huyo mtoto ndiye uso wake." Maneno haya yanauma, na kifungu cha 38 hakimjibu. Uingereza, chini ya Sheria ya Watoto ya mwaka 1989, bibi au babu hana haki ya kufungua ombi moja kwa moja. Huomba kwanza ruhusa ya mahakama, isipokuwa, kwa ombi la kukaa na mtoto, kama mtoto ameishi naye mwaka mmoja mfululizo kabla ya ombi. Mfumo huo ungetufaa. Aliyelea aingie moja kwa moja. Asiyelea aombe kwanza kibali, aeleze kwa nini hakulea, na ni nini anachoomba kwa ajili ya mtoto kuliko kwa ajili ya msiba wake mwenyewe. Hakimu akiridhika, shauri liende kwa afisa ustawi kwa usuluhishi kabla ya kusikilizwa. Asiporidhika, liishie hapo hapo bila mama kuitwa hata siku moja, na lisifunguliwe tena kabla ya miaka miwili kupita.